Nyumba za Mawe za Mwambao wa Tanga

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wamepata kufundisha adhuhuri chini ya paa la mabati, nao wajua jinsi watoto wanavyosinzia. Sisi tulifundisha katika shule ya namna hiyo miaka mingi. Na mvua iliponyesha, sauti ya mwalimu haikufika hata benchi la kwanza. Ndipo tulipoanza kuuliza: wazee wa mwambao huu walijengaje hata wakakaa katika joto lile lile pasipo taabu yetu?

Twende kwanza Tongoni, mwendo wa kilomita 17 hivi kusini ya Tanga, palipo magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40. (Katika maji ya jirani, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma merikebu yake São Rafael kwa upungufu wa mabaharia.) Mawe ya magofu hayo ni matumbawe, nayo ni ya namna mbili, ambazo wengi huzichanganya. Liko lile gumu lichimbwalo nchi kavu, la kujengea ukuta. Na lile jepesi lililokatwa baharini lingali bichi, likachongwa kabla halijakauka, la kupambia mihrabu na miimo ya milango.

Lakini jiwe si kitu bila chokaa, na chokaa ni kazi ya moto. Magogo ya mikoko yalipangwa mviringo, mawe yakarundikwa juu, tanuu ikawashwa. Jiwe lililoungua lilitiwa maji, likavunjika kuwa unga. Ukutani chokaa huvuta hewa ukaa kidogo kidogo, ikarudi kuwa jiwe.

Mkoko ulitoa boriti pia, na boriti ndiyo iliyopima chumba. Kwa kuwa boriti hazikuzidi sana mita 3, chumba kilikuwa chembamba, hata kiwe kirefu namna gani. Mgeni aingiapo nyumba ya kale ya Pangani hudhani mwenyewe alipenda ujia. Kumbe ni shauri la mti. Kuta nazo zilikuwa nene, nusu mita hivi, hata joto la mchana likachelewa kufika ndani mpaka jioni. Wala tusizisifu kupita kiasi: usiku nyumba ya mawe yaweza kuwa na joto kuliko ile ya udongo na makuti, ambayo hupoa mara jua lituapo. Ndiyo maana ya baraza.

Kiwanda cha saruji kilianza Pongwe, karibu na Tanga, mwaka 1980. Chokaa huiva kwa digrii 900 hivi, saruji kwa 1450. Zege yenye chuma iliivunja sheria ya boriti, vyumba vikapanuka, kuta zikapungua unene. Hilo si kosa. Kosa ni kuzipaka saruji kuta za kale, maana hufungia unyevu ndani, na chumvi ikala jiwe.

Hatusemi turudie tanuu: mikoko leo imo katika hifadhi, na matumbawe hai ni makao ya samaki. Pale shuleni tulifunga dari ya makuti chini ya mabati, tukaacha nafasi ya upepo kupita kati. Darasa likapoa, na mvua ikapungua kelele. Panya nao wakapata nyumba.