Kutoka Kigonsera hadi New York

Wakitajwa vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Marekani enzi zile, wengi hukumbuka ndege iliyoandaliwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, iliyoondoka Nairobi Septemba 1959 na wanafunzi 81. Wanastahili kukumbukwa. Lakini Umatengoni na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini mwa Tanzania, nako kuna njia iliyofika mbali, na inaniuma kuona haisimuliwi.

Hadi Oktoba 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana wa kusini alianzia misheni. Oscar Kambona, mtoto wa padri wa Kianglikana kutoka Kwambe, karibu na Mbamba Bay, alisoma Liuli, akaendelea Dodoma na Tabora, kisha mwaka 1957 akaenda London kusomea sheria. Mwaka 1960 alikuwa tayari Waziri wa Elimu.

Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania, kwao kulikuwa Lupaso, Masasi. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mseminari Kigonsera, Umatengoni, katika misheni ya Wabenediktini iliyofunguliwa mwaka 1899, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani. Seminari za wakati huo zilisomesha Kilatini kwa ukali, huku nje Wamatengo wakilima ngoro zao, mashamba ya mashimo, milimani. Baadaye alipita Ndanda, Pugu na Makerere, alikohitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhusiano wa kimataifa.

Pale Columbia, juu ya nguzo za maktaba ya Butler, yamechongwa majina makubwa makubwa: Homer, Plato, Cicero, Vergil. Wageni wengi huyaona kama mapambo tu. Kwa aliyepitia seminari, Cicero na Vergil walikuwa watu wa darasani tangu utotoni.

Marekani yenyewe ilikuwa motoni. Oktoba 1962 ilibidi serikali ya Kennedy ipeleke askari ndipo James Meredith, Mmarekani mweusi, aandikishwe Chuo Kikuu cha Mississippi. Vijana wetu walipokewa New York kama wageni wa taifa jipya, ilhali mwenyeji mwenye rangi kama yao alizuiwa mlangoni kwao.

Mkapa alipata shahada yake ya uzamili mwaka 1963 akarudi nyumbani. Mwaka 1966 alikuwa mhariri wa The Nationalist, gazeti la chama tawala, TANU, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1983 alirudi tena Marekani, safari hii akiwa balozi wa Tanzania mjini Washington.