Antena Moja, Nyumba Tatu: Historia ya TV Ambayo Hatuambiwi

Wasee, leo niwachoshe na historia kidogo. Ndio, niliacha uni, lakini kusoma sikuacha.

Historia ya TV Kenya huandikwa kama historia ya vituo. 1962 matangazo yanaanza, hata uhuru haujafika. 1990 inakuja KTN, ya kwanza ya kibinafsi. Sawa, lakini hiyo ni historia ya wenye kurusha. Sisi wenye kudaka, yetu iko wapi?

Yetu hapa Mbumbuni ilianzia kwa mti. Mti mrefu, juu yake vyuma vimepangwa kama mifupa ya samaki. Muundo huo ni wa Wajapani wawili, Uda na Yagi, tangu 1926. Milima ikikuziba, unatafuta mti mrefu zaidi, basi. Boma letu lilikuwa na mti mmoja na nyumba tatu: ya susu, yetu na ya baba mdogo. Waya ulishuka ukaingia kwa splita, kila nyumba ikavuta wake. Susu anaona habari KBC, baba mdogo mpira, na hakuna anayepigania rimoti.

Shida ni kwamba splita haiongezi kitu, inagawa tu. Ukigawa mara mbili, kila upande unabaki na chini ya nusu ya nguvu. TV ya tatu ilipoingia chenga zikaanza, na watu wakanuniana. Baba mdogo akaambiwa ametuibia Citizen! Fundi alipokuja akacheka, akasema hapa hakuna mwizi, mmegawana kitu kidogo. Akafunga busta juu kwa mti, kabla ya splita. Ukigawa kwanza ndio ukuze baadaye, unakuza na chenga zake.

Halafu 2015, mimi niko darasa la sita. Tarehe 14 Februari, katikati ya mvutano na serikali, mitambo ya analojia ya Citizen, NTV, KTN na QTV ikazimwa. Vituo vilirudi Machi. Dunia ilikuwa imekubaliana Geneva, 2006, kwamba mwisho ni 17 Juni 2015. Sisi tukaambiwa tu: nunua dekoda.

Wengi waling'oa antena wakidhani zimepitwa. Hapo ndipo tulikosea. Antena ile ile ya UHF inadaka dijitali, na splita bado inagawa. Kilichobadilika ni kwamba kila TV inahitaji dekoda yake, ama iwe nayo ndani. Sisi tulinunua moja, tukaivutia waya TV zote tatu. Zote zikaonyesha kitu kimoja, na rimoti iko kwa baba mdogo. Susu akakosa habari zake. Mwaka haukuisha kabla waya haujakatwa.

Kwa hivyo mtu akikwambia dijitali iliua kuonea TV pamoja, mkatalie. Hewa ni ile ile na mti ulibaki umesimama. Gharama ndiyo ilihama: kutoka mti mmoja wa boma, ikawa mzigo wa kila nyumba peke yake. Na hakuna aliyekuja kutueleza hivyo, si serikali, si vituo.

Mti wetu bado uko. Susu huanikia nguo.

Kwenu waya ulipita nyumba ngapi? Andika hapo chini.