Risasi Isiyo na Mlio

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo tangu zamani ndiyo yaliyotumika kuitengeneza. Ile ya bunduki kila mtu anaikimbia, maana ina mlio. Hii ya pili haina mlio wala harufu, na ikishachanganywa katika rangi ya ukuta au kugeuka vumbi, jicho haliwezi kuitambua. Juma hili nataka tuzungumze juu ya hiyo ya pili, kwa sababu historia yake ni historia ya nyumba za watu wa kawaida, na ya watoto wanaotambaa sakafuni.

Nimechagua kupitia njia ya historia kwa makusudi. Watu wengi wanadhani habari za sumu za nyumbani ni anasa ya wenye fedha, wale wanaoweza kununua sabuni za bei mbaya na vyombo kutoka ng'ambo. Mwenye mshahara mdogo husema: mimi nikipata unga, mkaa na kodi ya chumba, hayo mengine tutazungumza mbele ya safari. Namwelewa. Lakini historia ya risasi inasema kwamba sumu hii iliingia majumbani kwa kupitia mlango wa unafuu, na kwamba gharama yake hakulipa yule aliyeiuza. Alilipa mtoto wa mpangaji.

Ubaya wa risasi haukugunduliwa jana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mjenzi mmoja wa Kirumi aliyeitwa Vitruvius aliandika kwamba maji yapitishwe katika mabomba ya udongo badala ya mabomba ya risasi. Ushahidi wake ulikuwa wa kawaida kabisa: tazameni, alisema, nyuso za mafundi wanaoyeyusha risasi zilivyopauka. Warumi walimsoma, wakaendelea kutandaza mabomba ya risasi.

Mwaka 1786 Benjamin Franklin, mwanasiasa wa Marekani ambaye ujana wake aliutumia katika upigaji chapa, alimwandikia rafiki yake barua ndefu juu ya jambo hilihili. Siku hizo magazeti na vitabu vilipigwa chapa kwa herufi zilizotengenezwa kwa risasi, na wafanyakazi walizoea kuziweka karibu na moto zikauke na kupata joto. Franklin alieleza jinsi mikono ilivyouma, na jinsi mzee mmoja wa kazi alivyomwonya juu ya wenzao waliokwisha kupooza mikono. Alikumbusha pia kwamba Massachusetts ilikwisha kupiga marufuku mitambo ya kutengenezea pombe yenye sehemu za risasi, kwa sababu pombe hiyo iliwaumiza wanywaji. Alimaliza kwa kushangaa jinsi ukweli wenye manufaa unavyoweza kujulikana muda mrefu kabla watu hawajaufuata. Natamani maneno hayo yangebandikwa katika kila ofisi ya viwango duniani.

Sasa twende Brisbane, katika jimbo la Queensland, Australia. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa mbao, na mbele zina baraza yenye uzio wa mbao uliopakwa rangi. Miaka ya 1890 madaktari wa hospitali ya watoto ya mji huo walianza kupokea watoto wenye maumivu ya tumbo, macho yaliyoharibika na miguu isiyo na nguvu. Walitambua kwamba ni sumu ya risasi, ila hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1904 daktari wa macho, John Lockhart Gibson, alitoa jibu: inatoka barazani. Rangi nyeupe ya siku hizo ilitengenezwa kwa risasi. Jua kali liliigeuza kuwa ungaunga, mtoto akashika uzio, kisha akatia vidole mdomoni. Basi, hakuna siri zaidi ya hiyo.

Wenzake wengi hawakumwamini. Rangi ya risasi ilikuwa inafunika vizuri na kudumu, nani aiache kwa sababu ya vidole vya watoto? Ilikuwa mwaka 1922, yaani miaka 18 baadaye, Queensland ilipotunga sheria ya kuizuia katika sehemu za nyumba ambazo mikono ya watoto inafika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba huko Geneva wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, ili kuwalinda mafundi rangi. Marekani iliendelea kuiuza. Katika miaka ya 1950, wakati watoto wa mitaa ya makabwela ya miji yake walipokuwa wakiugua kwa kula magamba ya rangi iliyobanduka ukutani, wakubwa wa chama cha wafanyabiashara wa risasi walisema kwa maandishi kwamba kosa ni la wazazi, watu wasiofundishika. Marufuku ya rangi hiyo kwa majumba yalikuja mwaka 1978. Kutoka Geneva hadi hapo hesabu ni miaka 57.

Naomba tusiisahau hoja hiyo ya kumlaumu mzazi. Mtoto akidhurika, jicho la kwanza humwangukia mama yake, wala si kopo la rangi.

Petroli ina hadithi yake. Mwaka huohuo wa 1921, mtaalamu wa kampuni ya General Motors, Thomas Midgley, aligundua kwamba kutia risasi katika petroli kunazuia injini isigonge. Ilijulikana kwamba hata spiriti inaweza kufanya kazi hiyo, lakini risasi ilikuwa rahisi na yenye faida zaidi. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo baada ya kurukwa na akili. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele yao kuonyesha kwamba haina madhara. Hakuwaambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amepumzishwa kazi kwa kuugua sumu ya risasi. Mwaka 1925 daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipinga hadharani. Hakusikilizwa.

Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alichapa matokeo ya uchunguzi wa meno ya utoto aliyokusanya kutoka kwa wanafunzi wa miji miwili karibu na Boston. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi zaidi walipata alama ndogo katika majaribio ya akili, na walimu wao walisema hawatulii darasani. Hawa hawakuwa wagonjwa. Hawakulazwa popote. Ndiyo maana nasema risasi hii haina mlio: inamwacha mtoto anacheza na kucheka, huku ikimpunguzia kile ambacho mzazi anamtafutia kwa karo ya shule.

Afrika tulichelewa zaidi. Juni 2001 wajumbe wa nchi zetu walikutana Dakar, wakaafikiana kuondoa risasi katika petroli, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimetimiza. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tangu ugunduzi wa Midgley, karibu miaka 100.

Je, tumemaliza? Hapana. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilitoa makadirio kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, kiasi cha watoto milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Wengi wako katika nchi kama zetu. Petroli imesafishwa, lakini kuna betri za magari zinazoyeyushwa uani, sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu, na rangi ya mafuta yenye risasi katika nchi ambazo bado hazijaweka kikomo. Wanja nao umo. Baadhi ya wanja wa jiwe tunaoupokea kutoka Uarabuni na Asia ni jiwe la risasi lililosagwa, na bibi zetu waliwapaka watoto wachanga kwa mapenzi mema kabisa.

Hapo ndipo mwenye kipato kidogo anaponiuliza: sasa nifanye nini? Mengi hayana bei, nami nayataja kwa sababu kila moja limetokana na historia niliyoieleza. Brisbane inatufundisha mikono: mtoto anawe kabla ya kula, kila mara. Inatufundisha vumbi pia: sakafu ya mtambaaji ipigwe deki kwa maji, kwani ufagio mkavu unarusha vumbi tu na kulirudisha. Nimekaa nyumba za kupanga miaka mingi, na nimeona fundi akikwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu huku sufuria ya wali iko wazi hatua tatu kutoka kwake. Mwambieni aloweshe ukuta kwanza, na watoto waende kwa jirani mpaka uchafu wote ufutwe na kutupwa. Mbao kuukuu zenye rangi zisiwe kuni. Betri isifunguliwe nyumbani. Wanja wa jiwe usiojulikana asili yake usimguse mtoto. Sufuria ya kufua isiwe ya kulazia mchuzi wa ndimu au nyanya usiku kucha.

Na kuna chakula. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na tumbo tupu au mwili uliopungukiwa na madini ya chuma na ya mifupa hufyonza zaidi. Basi dagaa, maharage na mchicha, vyakula ambavyo wengine wanavidharau, vinafanya kazi ya ulinzi. Havitoi sumu iliyokwisha kuingia, lakini vinaipunguzia nafasi. Mzazi mwenye mashaka aende kituo cha afya, maana kipimo cha damu ndicho kinachojua ukweli. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Lakini nisiishie kwenye deki, nisije nikafanana na wale wakubwa wa miaka ya 1950. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimpeleka mtoto wake hospitali na akaambiwa ana risasi mwilini. Akina mama wa Owino Uhuru walikuwa wanafagia, wanadeki na kufua kama kawaida ya akina mama. Hakuna ndoo ya maji inayoweza kushindana na bomba la moshi la kiwanda. Kilichowasaidia ni kwamba waliandamana, wakapeleka malalamiko, wakakamatwa, wakarudi tena. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa mabishano ya rufaa yaliendelea miaka kadhaa baadaye.

Kwa hiyo mkoba wa familia una kazi yake, na serikali ina yake, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Marekani ilishusha kikomo cha risasi katika rangi hadi sehemu 90 kwa milioni mwaka 2009, na Kenya nayo imeweka kikomo hichohicho. Kikomo kikibaki kwenye karatasi bila mtu wa kupima makopo dukani, tutakuwa tumerudi kwa Vitruvius: tumesoma, tumeelewa, na mabomba tumeyatandaza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Safari ijayo utakapokwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua rangi, hata kama ni kopo moja la kupaka mlango, muulize mwenye duka: rangi hii ina risasi? Kama hajui, mwambie aulize anakoinunua. Mtu mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Wakiuliza hamsini kwa mwezi mmoja, muuza duka atalitafuta jibu, kwa sababu mfanyabiashara hupenda kujua mteja anataka nini. Swali hilo halina kodi, na huhitaji kusubiri mwisho wa mwezi ili uliulize.

Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.