Ushoroba: Neno la Nyumba Lililohamia Msituni

Katika miji ya kale ya mwambao mna kijia chembamba, baina ya nyumba na nyumba au chumba na chumba, ambacho hakikujengwa ili mtu akae bali apite. Hakina nafasi ya kutandika hata mkeka, na wawili wakikutana humo hapana budi mmoja ageuze bega ili mwenziwe apate njia. Kijia hicho ndicho ushoroba, na wingi wake ni shoroba. Neno hili limetoka mjini likaingia porini, na leo, hususan Tanzania, ambako kanuni za kulinda shoroba za wanyamapori zilitungwa mwaka 2018 chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, aghalabu mtu alisikiapo huwaza tembo kabla ya kuwaza nyumba. Wataalamu wamelifanya kuwa istilahi: ukanda wa ardhi unaounganisha makazi mawili ya viumbe yaliyotengana.

Ili kuifahamu istilahi hii yatupasa kwanza kulifahamu dhara linalotibiwa nayo, nalo ni mmeguko wa makazi. Napenda neno mmeguko kuliko mgawanyiko, kwa kuwa kitu hugawanyika na sehemu zake zikabaki nzima, ilhali kilichomegwa, mfano wa ugali sahanini, hupungua kwa kila tonge, na kingo zake hukauka kabla ya kitovu. Mwaka 1967 Robert MacArthur na Edward O. Wilson, wanazuoni wa Marekani, walitoa kitabu kuhusu viumbe wa visiwani, wakaeleza kwamba kisiwa kidogo kilicho mbali na bara huwa na aina chache, kwa sababu zinazotoweka humo ni nyingi na zinazowasili kuziba pengo ni haba. Haukupita muda mrefu watafiti wakatambua kwamba msitu uliozungukwa na mashamba nao ni kisiwa, ijapokuwa bahari yake ni mahindi au chai.

Hapana mahali ambapo jambo hili hudhihirika kama Usambara Mashariki. Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, ambako Wajerumani waliasisi kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, gari huingia katika kivuli cha miti mirefu, baridi ikakupata shingoni, kisha ghafla mbingu hufunguka na mbele yako ni chai, iliyokatwa ikalingana kana kwamba imepimwa kwa uzi. Ukingo wa msitu husimama pale kama ukuta. Kwako wewe ni hatua chache tu kutoka kivulini hadi juani. Kwa ndege aliyezaliwa katika giza la chini ya miti, anayeokota wadudu katika majani yaliyoanguka ardhini, uwazi ule ni bahari isiyo na chombo.

William Newmark, mtafiti wa Kimarekani, alianza kuwachunguza ndege hao katika miaka ya 1980, na matokeo yake ya mwanzo yalitoka mwaka 1991. Njia yenyewe ni ya subira mno. Nyavu za uzi mwembamba hutandazwa alfajiri ndani ya msitu mkubwa na ndani ya vipande vidogo. Ndege anayenaswa hutolewa taratibu, ukucha baada ya ukucha, akavishwa pete yenye nambari mguuni, akaachiwa. Akinaswa tena baada ya mwaka au miaka, pete ile husimulia aliko na kwamba angali hai. Ilidhihirika kwamba vipande vidogo na vilivyo mbali vimepoteza aina ambazo msitu mkubwa unazo bado, na kwamba ndege wengi wa chini ya miti hawathubutu kuuvuka hata uwazi usio mpana.

Hapa ndipo istilahi yetu inapoelemewa. Tembo hupita: njia iliyochimbwa chini ya barabara kuu karibu na Mlima Kenya ilianza kutumiwa na tembo mwanzoni mwa 2011, mara tu ilipofunguliwa. Kwake ushoroba ni ushoroba hasa, kama ule wa nyumbani, na hata neno mapito lingemtosha. Ndege mdogo wa Usambara hapiti kwa namna hiyo. Yeye huhamia, akajenga tundu, na pengine ni mjukuu wake atakayefika upande wa pili. Ukanda usiomfaa kuishi haumfai kupita. Hivyo ushoroba wake hauna budi uwe mpana, wenye kivuli na unyevu wa kutosha katikati. Kwa lugha ya nyumba, uwe chumba chenye milango miwili. Wako pia, kama Daniel Simberloff, waliouliza iwapo gharama za shoroba zina faida iliyothibitishwa, na iwapo moto na maradhi havitapita humo pamoja na wanyama. Swali lao ni la haki, na jibu lake hutafutwa mahali kwa mahali.

Derema ni mfano wa jibu la namna hiyo. Ukanda huo wa msitu unaiunganisha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na misitu iliyo kaskazini yake, na chini ya miti yake wanavijiji walikuwa wakilima iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo miti mirefu ilisalia, lakini miche iliyopaswa kuirithi ilifyekwa. Ili Derema iwe ushoroba, wakulima waliiacha iliki yao kwa fidia, na shauri la fidia hiyo likachukua miaka. Nalitaja kwa kuwa neno ushoroba likiandikwa ramanini huonekana kama nafasi tupu baina ya kuta, ambapo Derema palikuwa na ada za shule na mahari za watu.

Nalikubali neno hili, na silioni lenye kulishinda. Ujia ni finyu zaidi, na njia ya wanyama huwasahau mimea na wadudu. Ila naomba lisiachwe peke yake. Lifuatwe daima na mwenyewe: ushoroba wa tembo, ushoroba wa ndege wa chini ya miti, ushoroba wa vyura, maana upana wake, urefu wake na miti ya kupandwa humo havipimiki kabla ya mpitaji kutajwa.