Mkate na Sataranji: Moscow, 1920
Mashindano ya ubingwa wa sataranji wa Kisovieti yalizaliwa katika njaa. Oktoba 1920, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha, Ilyin-Genevsky aliwakusanya mjini Moscow wachezaji 16, akiamini kwamba mchezo huo hunoa akili ya askari. Askari au la, wachezaji walitishia kuacha kucheza wasipopewa mkate na sigara. Alekhine alishinda bila kufungwa hata mara moja. Mwaka 1921 akaihama nchi, 1927 akawa bingwa wa dunia, na 1928 Krylenko, mkuu wa sataranji ya Kisovieti, akamtangaza kuwa adui. Hata hivyo mashindano yale, yaliyoitwa wakati huo Olimpiadi ya Urusi Yote, yalihesabiwa baadaye kuwa ya kwanza katika orodha ya mabingwa iliyokoma mwaka 1991, na jina linaloifungua ni la adui yule.