Mswada, Rasimu na Kazi ya Kufumua Hadithi

Makala haya yanahusu neno moja tulilolipokea likiwa nusu. Neno lenyewe ni mswada, au muswada kama waandikavyo wengine. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusu weusi: musawwada ni karatasi iliyotiwa weusi, yaani iliyojaa wino, mistari iliyokatwa na maneno yaliyochomekwa pembeni. Kando ya neno hilo Waarabu walikuwa na jingine, mubayyadha, litokalo katika weupe. Hiyo ndiyo nakala safi, inayoandikwa baada ya mtunzi kumaliza kubishana na nafsi yake. Mwanachuoni akifariki kabla ya kuifikia, kitabu chake kilihesabiwa kuwa kimebaki katika weusi.

Kiswahili kilichukua weusi kikaacha weupe. Tena kililivika neno hilo sarufi yake: ile mu- ya Kiarabu ikahesabiwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa miswada, sawasawa na mti na miti. Kisarufi hatukupata hasara. Hasara imo katika maana. Twaita mswada daftari la kijana aliyeanza kutunga jana, na twaita mswada vilevile bunda lililopigwa chapa na kufungwa tayari kwa mchapishaji. Bungeni nako mswada ni sheria inayongoja kujadiliwa. Mtafsiri akikutana na neno hili katika barua ya ofisi, hana budi kuuliza kazi imefika wapi.

Upungufu huu ungekuwa mdogo kama usingeambatana na historia ya namna vitabu vyetu vilivyosahihishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zake ilikuwamo kusoma miswada ya vitabu na kuangalia tahajia, sarufi na msamiati. Kitabu kilichoridhisha kilichapwa kikiwa na idhini ya Kamati. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Mwalimu wa Tabora na mwalimu wa Malindi waliweza kufundishia kitabu kimoja. Lakini upatanisho wa kisarufi ndio uliokuwa shabaha. Mtunzi aliyerudishiwa kurasa zake alirudishiwa masahihisho ya lugha, na pole pole neno kusahihisha likameza kazi nzima ya kuirudia hadithi.

Mazoea hayo hayakwisha na ukoloni. Kamati iligeuzwa kuwa Chuo cha Uchunguzi mwaka 1964 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ithibati ya lugha inayotolewa kwa vitabu ni jambo la lazima, nami siipingi. Naipinga dhana kwamba baada ya ithibati hakuna kilichobaki. Nakumbuka hadithi moja niliyopewa niisome miaka mingi iliyopita. Nilitumia kalamu nyekundu kwa siku nne, nikarekebisha kila ngeli. Kitabu kilipotoka, msomaji mmoja alinionyesha kwamba shangazi aliyezikwa katika sura ya tatu alikuwa akipika ubwabwa katika sura ya saba. Upatanisho wa kisarufi wa yule marehemu ulikuwa kamili!

Tutazame mfano wa mbali. Leo Tolstoy alianza kuichapa riwaya yake ya vita vya Urusi na Napoleon katika jarida la Moscow mwaka 1865, ikiitwa "1805". Baada ya sehemu za mwanzo aliacha kuitoa jaridani, akairudia upya, na kitabu kizima, Vita na Amani, kikakamilika mwaka 1869. Mianzo aliyoijaribu na kuitupa ni mingi. Mkewe Sofia ndiye aliyenakili kurasa zake zilizochafuka, naye mtunzi akazichafua tena. Hapo weusi na weupe wa Waarabu waonekana wazi, na hakuna aliyekuwa akisahihisha sarufi ya Kirusi.

Karibu na kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Askari walizikamata karatasi hizo, baadaye akarudishiwa, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Je, karatasi zile tuziite mswada? Mimi naona hapana.

Neno lifaalo tunalo. Rasimu, litokalo katika kuchora, lilikwishazoeleka maofisini kwa ramani na mapendekezo, na mwaka 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba ililifikisha hadi vijijini ilipotoa rasimu ya kwanza na ya pili. Tangu hapo mkulima ajua kwamba rasimu yaweza kuwa na namba, na kwamba ya pili hailazimiki kufanana na ya kwanza. Basi rasimu iwe ni kazi ambayo bado mtunzi anaibomoa. Mswada uwe ni kazi aliyoikabidhi kwa mchapishaji. Nakala safi yatosha kuziba nafasi ya mubayyadha, wala hatuna haja ya kulikopa neno lenyewe leo.

Kuhusu vitenzi, napendekeza tuombe kwa mafundi wetu. Msusi wa mikeka akiona ukili umekwenda upande haupaki rangi; anaufumua hadi palipoharibika. Kufumua basi kuwe kugeuza mpango wa hadithi: kuhamisha sura, kumwondoa mhusika, kubadili msimulizi. Seremala naye hupiga randa baada ya kiungo kushika, na hilo lifae kwa kulainisha sentensi. Kusahihisha kubaki na tahajia na sarufi, na kuje mwisho. Wapo wanaopendelea kudurusu kwa kazi yote hii. Lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, nalo lasema kusoma tena, halisemi kubomoa.

Kwa yule anayesoma rasimu na kumwambia mtunzi mahali pa kufumua, sijapata neno. Mhariri amekwisha kuwa mtu wa gazeti na wa kalamu nyekundu. Watunzi wa mashairi wa Mvita na Pemba huenda wanalo, maana hupelekeana tungo kabla ya kuzitoa hadharani, na ningefurahi kuletewa.