Pishi Moja ya Kupimia Mifupa na Matumbawe

Tarehe 21 Septemba 2001 kiwiliwili cha mtoto wa kiume mweusi kilionekana kikielea katika mto Thames, jirani na Daraja la Tower, katikati ya London. Hakikuwa na kichwa wala viungo. Polisi walikadiria kwamba alikuwa na umri wa miaka 4 hadi 7 na, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumtambua, wakampa jina Adam. Mwaka uliofuata Nelson Mandela aliwasihi Waafrika wenye kumfahamu wajitokeze. Mzazi hakupatikana.

Mifupa ndiyo iliyosema. Profesa Ken Pye wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, aliichunguza, na isotopu za strontiamu zikaelekeza kwenye miamba ya kale ya Afrika Magharibi. Wapelelezi wakasafiri hadi Nigeria, wakarudi na udongo, mawe na mifupa ya kulinganisha, na msako ukabana hadi kusini magharibi mwa nchi hiyo, pande za Ibadan na Benin City. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kumuua.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, ila sehemu yake moja hurukwa. Ili mtaalamu aseme mfupa huu unafanana na udongo ule, lazima namba zote mbili ziwe zimetoka kwenye pishi moja. Muuza mchele yeyote anajua ugomvi unaozuka pishi zikitofautiana.

Strontiamu ni jirani wa kalsiamu, hivyo hujipenyeza kwenye mfupa, jino, pembe na gamba la konokono. Isotopu yake moja, strontiamu 87, huongezeka polepole kadiri rubidiamu inavyooza ndani ya mwamba. Mwamba mkongwe wenye rubidiamu nyingi hupata uwiano mkubwa wa 87 kwa 86, na uwiano huo hupita kwenye udongo, ukaingia kwenye mmea, kisha kwa mlaji.

London imehusika na strontiamu tangu mwanzo. Mwaka 1790 Adair Crawford, tabibu wa hospitali ya St Thomas, alihisi kwamba jiwe la kijiji cha Strontian huko Scotland lina kitu kipya. Mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga metali yenyewe kwa umeme.

Pishi yenyewe ilitoka Marekani. Ni unga mweupe wa kaboneti ya strontiamu uliotayarishwa na ofisi ya taifa ya vipimo ya huko, unaoitwa SRM 987, na hapo ndipo utata ulipoanza. Cheti chake kinasema uwiano ni 0.71034, na kinaruhusu kosa la 0.00026 juu au chini. Maabara zilipoupima kwa mashine bora zaidi zilikuwa zikipata karibu 0.71025. Cheti hakikudanganya, maana namba hiyo imo ndani ya mpaka wa kosa lake. Lakini tazama uzito wa tofauti hiyo. Katika miaka kama milioni 40 iliyopita, uwiano wa maji ya bahari, ambao gamba huunakili linapoota, umepanda kutoka takriban 0.7077 hadi 0.7092 tu. Kwa mwendo huo, pengo la 0.00009 linalingana na zaidi ya miaka milioni 2. Anayetafuta umri wa gamba kwa kufuata cheti, na jirani yake anayefuata mashine, hawataelewana kamwe.

Mwaka 1991 Matthew Thirlwall wa Royal Holloway alichapisha vipimo alivyorudia kwa muda mrefu, na wastani wake kwa unga ule ukawa 0.710248. John McArthur na Richard Howarth wa University College London waliishika namba hiyo. Walikusanya data za maabara nyingi, wakazirekebisha zote zilingane na 0.710248, kisha mwaka 1997 wakatoa jedwali la kusomea umri wa magamba. Toleo la 2001 lilirudi nyuma hadi miaka milioni 509. Ni kazi ya uvumilivu kuliko umaarufu, na ninaiheshimu sana.

Hata hivyo, unga safi haukwambii kama ulikosea wakati wa kuyeyusha gamba kwa asidi na kuchuja strontiamu kutoka kwenye kalsiamu. Kwa hilo kunahitajika gamba lenyewe au mfupa wenyewe. Idara ya jiolojia ya Marekani ilisaga kombe kubwa la kisiwa cha Enewetak, likaitwa EN-1. Wajapani walisaga tumbawe la Ishigaki, likaitwa JCp-1. Kwa upande wa fosfeti, madini yanayojenga mfupa, yapo majivu ya mfupa, SRM 1400, ambayo cheti chake kinataja kiasi cha strontiamu bila kutaja uwiano wa isotopu. Maabara zikalazimika kuujaza uwiano huo zenyewe, kila moja ikichapisha namba yake.

Nayasoma haya nikiikumbuka pwani yetu. Pembe za ndovu zilizopitia Zanzibar karne ya 19 zikaishia kwenye maghala ya London ni fosfeti pia, na mwaka 2016 Ashley Coutu na wenzake walichapisha utafiti uliotumia isotopu, strontiamu ikiwamo, kufuatilia ndovu wa biashara ile walikotoka bara. Kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Ukizipima utakuta karibu 0.7092, namba ya bahari. Kama Ishigaki imeweza, vipande vya tumbawe lililokufa kutoka Mafia au Pemba vinastahili kusagwa, kupimwa na maabara kadhaa na kutiwa kwenye chupa zenye jina la kisiwa vilikotoka. Kazi hiyo inataka kinu kisafi, mizani na chumba kikavu, pamoja na watu wa kuirudia mara mia bila kuchoka, kama Thirlwall alivyofanya.